Lebo ya Njano

Saa kumi na moja alfajiri nawasha taa ya chumba cha panya.
Chini ya kilima cha Bugando ziwa halijaonekana bado,
nao ndio kwanza wanataka kulala.

Ishirini na wanne.
Kumi na wawili lebo ya njano, kumi na wawili lebo ya bluu.
Kila mmoja tafu la mguu wa kulia lilikatwa robo
akiwa kwenye usingizi wa dawa, likashonwa.
Kundi moja linadungwa peptidi,
jingine maji ya chumvi.
Lipi ni lipi, mimi sijui, Dakta Nyamizi hajui:
siri imo bahashani, bahasha imo kabatini,
na mwenye ufunguo yuko Dodoma kikaoni.

“Hiyo peptidi ni mdudu gani?” aliniuliza shemeji yangu Bahitwa.
Nikauchukua ushanga wa mwanangu Milembe:
punje hii, na hii, na hii, uzi mfupi.
Mwili unausoma kama barua.
“Barua inasema nini?”
Labda inasema: fundi, njoo, huku ukuta umeanguka.
“Labda?”
Labda. Ndiyo maana tuna panya.

Bahitwa ni mtu wa Ukara, mbeba magunia ya dagaa pale Mwaloni.
Siku ile alihisi jiwe limempiga nyuma ya mguu,
akageuka, gunia kichwani, amtukane aliyerusha.
Hakukuwa na mtu.
Wiki ya tatu sasa yuko mlangoni kwetu, Mabatini juu,
ngazi mia na kumi kutoka barabarani,
anahesabu mizigo inayobebwa na wengine.

“Niletee tone,” alisema. “Tone tu. Panya hatajua.”

Siku ya tisa wa njano walisimama kwa miguu miwili
kuifikia chupa ya maji.
Wa bluu bado waliburuta.
Niliandika. Daftari lina safu ya uzito,
safu ya hatua, safu ya kinyesi;
safu ya furaha haimo.

Panya wengi hawachimbi shimo, tuliambiwa utotoni.
Kumbe panya wengi ndio wanaotoa wastani.
Mmoja akipona ni bahati yake,
kumi na wawili wakipona ni swali zuri zaidi.
Swali, shemeji. Si jibu.
Panya ana gramu mia tatu na habebi dagaa.

Akanuna. Akasema kuna kijana wa jimu kule Nyegezi
anauza kichupa elfu themanini,
maandishi yake hata mwuzaji hayasomi.
Nikamwambia: cha kwetu najua kilichomo, na bado sikupi.
Cha kwake hujui kilichomo, unataka kununua.
Tulilala bila kuagana.

Siku ya ishirini na moja.
Wa njano waliokimbia, wa bluu waliochechemea,
wote meza moja, gesi ileile, utaratibu uleule.
Hadubini haisomi msuli unaotembea.
Namba saba, niliyekatazwa kumpa jina na nikampa,
alinusa glavu yangu kama kila alfajiri.
Nyuzi zake, Dakta alisema, zimejipanga vizuri sana.
Nikaosha vizimba. Nikaosha tena.

Nyumbani dada yake Bahitwa humkanda kila jioni
kwa kitambaa, maji ya moto na chumvi.
Kundi la bluu, nilimtania; hakucheka,
hakujua nilikuwa nacheka nini, na mimi pia.

Jana usiku umeme ulikatika.
Kiberiti kiko juu ya kabati, pale watoto wasipofika.
Nikasikia kiti hakikuvutwa.
Nikamulika simu: Bahitwa amesimama kwa ncha za vidole,
mguu wa kulia unatetemeka,
mkono unapapasa, unapapasa, umekipata.

Nilitafuta daftari. Liko kazini.
Nikaandika kiganjani, gizani, kwa mazoea:
siku ya thelathini na nne, amesimama.
Sehemu ya lebo nikaiacha wazi.